Kibanda cha kukava vitabu pale Recto, Manila, nimekitumia miaka sita sasa

Jamani leo sizungumzii duka la vitabu. Maduka ya vitabu Manila yapo mengi, kila mtu ana lake, na watu wameshayaandika mpaka basi. Mimi nataka niwaeleze kuhusu kibanda cha mama mmoja anayekava vitabu kwa plastiki kwenye uchochoro karibu na barabara ya Recto, upande ule wa vyuo vikuu. Hakina kibao, hakina jina, ni meza moja ndefu, mkasi, rula ya chuma, roli za plastiki na feni inayozunguka kutwa. Wateja wote wanamwita Nanay, yaani mama. Miaka sita nampelekea vitabu vyangu na sijawahi kuona mtu amemwandikia hata mstari mmoja nikaona hii si haki.

Kwa wasionijua, mama yangu ni mtu wa Mombasa na baba ni Mfilipino, alikuwa baharia, meli ikamleta Kilindini akaoa. Mimi nilikuja huku kwao baba mwaka 2007 nikiwa na miaka 18, nikasoma huku, nikabaki, na sasa nahariri miswada kwenye kampuni ndogo ya uchapishaji Quezon City. Kwa hiyo vitabu ndivyo vinavyonilisha na ndivyo ninavyopumzikia, nikitoka kazini kusoma kurasa za watu nakuja nyumbani nasoma kurasa nyingine. Mume wangu ameshazoea.

Sasa mtu atauliza kukava vitabu si mambo ya watoto wa shule? Huku sio. Ukipanda treni ya LRT-2 asubuhi utakuta mtu mzima na suti yake amesimama anasoma riwaya iliyovishwa plastiki safi kabisa, kingo zimenyooka, na ukiingia kwenye maduka makubwa ya vitabu utakuta kuna kaunta kabisa ya kukava, unalipia kitabu halafu unapanga foleni ya pili. Mgeni anaweza kuona ni kupenda mapambo tu, mpaka akae msimu mmoja wa mvua. Hewa ya huku ni nzito mwaka mzima, halafu kuanzia Juni inaingia ile wanaiita habagat, mvua za pepo za kusini-magharibi, na dhoruba kwa wastani 20 kwa mwaka zinapita kwenye eneo la Ufilipino. Karatasi inakunywa yote hayo. Mimi nimeona kitabu kimetoka kiwandani wiki tatu tu, jalada limeshajikunja kama jani la mgomba juani, na sababu yake ni rahisi: jalada hupigwa laminesheni upande wa nje peke yake, basi upande wa ndani unanyonya unyevu unatanuka, wa nje umezibwa hautanuki, lazima lijikunje. Hatuna dawa yake kamili. Wasomaji wanatuandikia kulalamika na wana haki.

Halafu kuna bei. Riwaya ya mwandishi wa hapa inauzwa peso 400, 450, nyingine zaidi, na mshahara wa chini wa Metro Manila ulipopandishwa Julai 2025 ulifika peso 695 kwa siku. Vitabu havitozwi VAT lakini bado ni ghali kwa sababu tunachapa kidogo. Kwetu riwaya mpya ni nakala 1,000, mashairi 500, na ukichapa kidogo kila nakala inabeba gharama kubwa, ukichapa nyingi zinakulalia stoo, duka nalo linachukua kwa mali kauli na kukata asilimia 40 hivi, mwandishi anapata asilimia kumi na kitu. Kwa hiyo mtu akitoa zaidi ya nusu ya kibarua cha siku nzima akanunua kitabu, atakilinda. Hawa watu kwa vitabu vyao hawataki mchezo kabisa. Mwaka 2009 forodha ilianza kutoza ushuru vitabu vinavyoingizwa kutoka nje wakati nchi imesaini mkataba wa Florence unaosema visitozwe, wasomaji na waandishi wakapiga kelele mpaka ikulu ikaamuru ushuru uondolewe mwezi wa tano mwaka huohuo. Baba alinikatia habari ile gazetini na bado ninayo.

Basi turudi kwa Nanay.

Nilimfikia baada ya kuumizwa kwingine. Nilinunua kitabu cha jalada gumu chenye kava la karatasi la juu, nikakipeleka kwenye kaunta moja ya kukava, jina naliacha, kijana akanikavia dakika mbili huku anaongea na mwenzake. Nafika nyumbani naona selotepu ameibandika moja kwa moja kwenye karatasi. Nikajaribu kuibandua polepole, ikatoka na rangi na ngozi ya karatasi pamoja, jeraha la urefu wa kidole pale kwenye picha ya mwandishi. Kile kitabu bado ninacho na kila nikikishika nakasirika upya. Kesho yake ofisini mwenzetu wa idara ya mauzo akaniambia shuka Recto, uliza Nanay wa plastiki, wanafunzi wote watakuonyesha. Nikapanda treni Katipunan, nikashuka kituo cha mwisho.

Kitu cha kwanza alichofanya hakugusa plastiki. Alikifuta kitabu kwa kitambaa kikavu, akakifungua katikati, akainama akakinusa. Kweli, akakinusa, halafu akaweka mgongo wa mkono kwenye ukurasa akautuliza pale kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akaniambia "Mamasa-masa pa, anak," bado kina unyevu mwanangu. Akakisimamisha mbele ya feni kurasa zimeachana kama kuku anayejianika mbawa, akaniambia nirudi kesho. Nikamwambia Nanay natoka mbali, Quezon City po (hiyo po ni ya kumheshimu mkubwa, ukiiacha unaonekana huna adabu), akasema kesho, na akaendelea na kitabu cha mtu mwingine.

Mwingine angekasirika akaondoka. Mimi nilisimama pale nikamkumbuka baba.

Tarehe 26 Septemba 2009, ilikuwa Jumamosi, dhoruba ya Ondoy. Tulikuwa tunakaa Marikina. Ilinyesha zaidi ya milimita 400 kwa siku moja na mto ukapanda ukaingia mitaani, nyumba yetu maji yalifika juu ya friji. Vitabu vya baba, vile alivyokuwa akinunua kwenye kila bandari kwa miaka karibu thelathini, vilikuwa kwenye kabati la sebuleni, na tulipoweza kurudi tukavikuta vimevimba vimeshikana na tope, unavuta kimoja vinakuja vinne. Vilivyopona ni kama ishirini tu vilivyokuwa juu kabisa ya kabati, vimelowa kingo. Baba akavifuta, akaviweka juani siku mbili, akaona vimekauka, na kwa uchungu aliokuwa nao akavivika vyote plastiki siku hiyohiyo ili visipate shida tena. Baada ya mwezi tukafungua tukakuta kuvu. Kijani na nyeusi, imeanzia ndani kwenye uti ikatembea mpaka pembeni, kwa sababu unyevu uliobaki katikati ya kurasa ulifungiwa na plastiki ukakosa pa kutokea. Alivipoteza mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwahi kukava kitabu tena mpaka anafariki.

Kwa hiyo huyu mama alivyoniambia kesho, nilirudi kesho. Na tangu siku hiyo sijampelekea mtu mwingine.

Namna anavyofanya kazi, hebu niwaeleze vizuri kwa sababu hapa ndipo ubora wenyewe ulipo. Kitabu kikishakauka, kama kimegandishwa uti kwa gundi, kwanza anakilainisha: anakiweka uti chini, anafungua kurasa chache kutoka mbele anabonyeza kidogo, kurasa chache kutoka nyuma anabonyeza, hivyohivyo mpaka zikutane katikati, ili gundi isikatike siku mtu akikifungua kwa nguvu. (Mimi natoka kwenye kampuni inayotengeneza vitabu na sijawahi kuona mtu wetu anamfundisha msomaji hilo.) Halafu analaza kitabu juu ya plastiki, anaongeza vidole vitatu kila upande, anakata kwa kisu akifuata rula. Pale juu na chini ya uti anachana vipande viwili vyembamba vya plastiki na kuvitoa ili pasivimbe. Upande wa kwanza anakunja kitabu kikiwa wazi. Upande wa pili, hapa ndipo wengi wanapokosea, anakifunga kitabu kwanza ndipo anakunja, kwa sababu ukikunja kikiwa wazi basi siku ukikifunga plastiki itakuwa fupi, itavuta jalada, jalada litapinda. Yeye anaacha ile nafasi ya uti kupumua. Pembe anazikata mshazari, anakunja, selotepu inashika plastiki kwa plastiki, kamwe haigusi karatasi, halafu anapitisha mgongo wa kijiko kwenye mikunjo yote mpaka inalala. Dakika kumi kwa kitabu kimoja. Ukishika unaona kama kimezaliwa nacho.

Bei ni peso 40 kitabu cha kawaida, 60 kikubwa au cha jalada gumu. Kuna sehemu za bei rahisi zaidi, nakubali.

Mambo ya kuangalia. Ana plastiki aina mbili na usipouliza atakuwekea yoyote iliyo karibu. Ile laini yenye harufu inapendeza siku ya kwanza lakini miaka inavyokwenda inageuka njano na inanata kwenye wino wa jalada, ukibandua inaondoka na herufi. Omba ile kavu, inayolia ukiikunja kama pakiti ya biskuti. Hiyo hainati. Nimemwambia aache kabisa ile laini, anasema wanafunzi wanaipenda kwa kuwa bei yake ni pungufu kwa peso tano, na kwa kitabu cha darasani cha mwaka mmoja kweli haina neno. Jingine hana risiti, ofisini kwetu mhasibu bila risiti halali harudishi pesa kwa hiyo vitabu vya ofisi nalipia mwenyewe. Hapokei pesa ya simu. Jumapili hayupo. Na mvua ikiwa kubwa hayupo pia, maana barabara za kule, ikiwemo ile inayoitwa España, zinajaa maji haraka na meza yake iko chini, na hata kama yupo hatakava siku ya mvua, usimwombe, atakuweka kwenye feni kama mimi.

Kuhusu foleni: Juni shule zikifunguliwa usiende kabisa kama huna subira. Wanafunzi wa darasa la 9 wote wanasoma Noli Me Tangere na wa darasa la 10 wanasoma El Filibusterismo, riwaya za José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa huku, tangu ile sheria ya 1956 ilipotaka visomwe, kwa hiyo meza ya Nanay mwezi huo ni Rizal juu ya Rizal. Mimi nikiwaona wale watoto huwa nafikiria kitu kimoja cha kikazi. Rizal aliichapa Noli Berlin mwaka 1887 kwa pesa ya kukopa kwa rafiki yake Maximo Viola, peso 300, nakala 2,000. Elfu mbili! Kijana wa miaka 25, ughaibuni, kwa pesa ya rafiki, alichapa mara mbili ya tunavyothubutu kuchapa sisi leo kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni 110. Nimelisema hili kwenye mkutano wa kazini na nitalisema tena.

Msimu wa pili wa foleni ni baada ya maonyesho makubwa ya vitabu ya Septemba pale ukumbi wa SMX, Pasay. Watu wanakwenda kule na masanduku ya magurudumu kama wanasafiri, sisi wachapishaji tunakuwa tumesimama vibandani siku zote hizo mpaka miguu inavimba, halafu wiki inayofuata nawaona walewale pale Recto na mafurushi. Mwaka 2025 ndio ilizidi maana Oktoba Ufilipino ilikuwa mgeni wa heshima maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, Ujerumani, watu wakawa wanatafuta vitabu vya kwao kwa hamu ambayo mimi sikuwahi kuiona tangu nianze kazi hii.

Siku ambazo hakuna watu ndizo ninazozipenda. Nanay anakupa kiti, unakaa, anakusimulia. Mama yake alikuwa na duka la sari-sari, kiduka cha mtaani cha sabuni na sukari, na kwenye kamba mbele ya duka alikuwa anatundika komiks, vile vijitabu vya hadithi za picha, za kukodisha. Unalipa senti kidogo, unakaa kwenye benchi unasoma palepale, unarudisha, anayefuata anachukua. Watu walikuwa wanasoma hivyo nchi nzima enzi hizo. Komiks ni karatasi dhaifu kabisa ya gazeti, mikono hamsini ikipita imekwisha, basi yeye akiwa na miaka minane alipewa kazi ya kuzivisha plastiki za mifuko ya mkate kabla hazijatundikwa. Alijifunzia hapo. Ananiambia "Anak, sisi kitabu kimoja kilikuwa cha mtaa mzima."

Na hapa nimalizie na kilichonifanya niandike haya wiki hii.

Miaka minne iliyopita tulitoa kitabu cha hadithi fupi, lugha ya Hiligaynon upande mmoja na tafsiri ya Kifilipino upande wa pili. Nilikihariri mimi. Nakala 500. Niliingia vita vya kweli ofisini ili lugha ya mwandishi ibaki pale ukurasa wa kushoto, maana kulikuwa na hoja kwamba tutoe tafsiri peke yake tupunguze kurasa. Nikashinda, kikatoka, hakikununuliwa. Maduka yakaanza kurudisha. Kuna maboksi sita stoo mpaka leo yameandikwa jina la kitabu hicho kwa mwandiko wangu, napita mbele yake kila nikienda kuchukua karatasi za printa, na kila nikipita najiuliza ile vita ilikuwa ya nani.

Jumanne nimefika kwa Nanay na vitabu vyangu vitatu namkuta anavua plastiki ya zamani kwenye kitabu kilichochakaa, ile plastiki imegeuka njano, imechanika kwenye uti, ameshaivua nusu. Nikaona rangi ya jalada. Nikajua kabla sijasoma jina. Nikamuuliza Nanay hiki cha nani, akasema cha mlinzi wa lile jengo la pale kona, hii ni mara ya tatu anakivisha, atakuja akitoka zamu. Nikakaa nikamsubiri. Sikuwa na muda lakini nikakaa.

Akaja, mtu wa makamo, bado na sare yake, mwenyeji wa Iloilo, ndiko kwenye watu wa lugha hiyo. Nikamsalimia Kuya, yaani kaka, nikamuuliza mbona kitabu kimechoka hivi. Akasema kinazunguka. Walinzi wenzake wa zamu ya usiku wengi ni watu wa kwao, wanapeana, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza maana usiku ni mrefu na simu hawaruhusiwi, na kuna hadithi moja ya mama anayesubiri feri wameisoma mpaka wanaijua kwa moyo. Anasoma ule ukurasa wa kushoto tu. Wa kulia anasema hajawahi kuuhitaji.

Nikamwambia mimi ndiye niliyekihariri. Akanitazama, akaniuliza mhariri anafanya nini hasa, nikamweleza kwamba natafuta makosa kabla kitabu hakijachapwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshikwa na kitu kooni na sikujua niseme nini kingine, nikamwambia kuna kosa moja lilinipita, ukurasa wa 61, neno limeruka herufi, nililiona siku kitabu kimeshafika na limekuwa likinisumbua miaka yote hii.

Akachukua kitabu mezani kwa Nanay, bado kiko uchi bila plastiki, akafungua 61 akanigeuzia. Ile herufi ilikuwa imeandikwa pale juu kwa penseli, ndogo, safi, na alama ya kuiingiza chini yake. Akasema yako mengine manne, akanionyesha moja baada ya jingine, na yote manne sikuwa nayajua. Nikayanakili nyuma ya kipande cha kadibodi cha roli ya plastiki, Nanay akanikatia kwa mkasi wake nibebe vizuri.

Halafu Nanay akakinusa kitabu, akakipima kwa mkono, akasema kimekauka, akakikava kwa ile plastiki kavu. Nilitaka kulipa mimi ile 40, yule mlinzi akakataa.